Vitabu Vitatu na Wembe Mmoja

Kabla hamjanipa kiti na soda, walimu wangu vijana, acheni niseme mwenyewe lile ambalo najua mtalisikia kwa wengine. Ndiyo, mimi ndiye yule madamu aliyekata vitabu vya serikali kwa wembe. Vilikuwa vitatu, vya Kiingereza, vya darasa la sita, na bado havikuwa vimechakaa. Nilikaribia kufukuzwa kazi kwa ajili ya vitabu hivyo. Msinifanye shujaa, lakini. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Mama yangu kule kijijini Wema alikuwa akisema kwamba mimi huogopa mafuriko hata katikati ya kiangazi.

Na sasa nina wasiwasi na stoo zenu.

Mwezi uliopita Mwalimu Rehema, binti wa mwaka wa pili kazini, alinialika shuleni kwao hapa Garsen niwasalimu watoto. Baada ya salamu akanipeleka stoo kunionyesha vitabu vipya. Yarabi, vilikuwa vingi! Kila mtoto na chake, vimepangwa kwenye maboksi mpaka karibu na dari. Enzi zetu tulipewa vinane kwa darasa zima, tukapiga vigelegele. Nikamuuliza mbona viko huku na watoto wako kule.

"Madam, hizi zikipotea si tutaulizwa?" akasema. "Tunawaandikia tu kwa bodi, wananakili. Hivyo ziko salama."

Nilitabasamu kama mgeni mwema, nikaaga. Lakini nilipofika nyumbani niliiacha chai mezani, nikatafuta kalamu. Ndiyo maana nimeandika haya ninayowasomea.

Nitawaambia nilivyoanza, mcheke kwanza. Kiingereza nilikisoma kitabuni, kutoka kwa mwalimu aliyekisoma kitabuni. Nilipopewa darasa langu la kwanza nilikuwa sijawahi kuzungumza na mtu hata mmoja kwa lugha hiyo ila kwa mtihani. Basi nikaushika mwongozo wa mwalimu kama mtu asiyejua kuogelea anavyoshika gogo. Nilisoma kila kilichoandikwa, kwa sauti, na watoto wakarudia kila nilichosoma, maana ndivyo walivyozoeshwa. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba mwalimu asubiri majibu ya wanafunzi. Nikalisoma hilo nalo. Watoto arobaini na wawili wakaitikia kwa nguvu zote, kwa Kiingereza, kwamba mwalimu asubiri majibu ya wanafunzi.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Buya, alikuwa akipita dirishani. Alicheka mpaka akaushika ukuta. Kisha akaingia, akaufunga mwongozo wangu taratibu, akaniambia kwa Kipokomo, lugha yetu wakulima wa mto, ili angalau watoto wa wafugaji wasinisikie nikiaibishwa: "Mwanangu, kitabu hakiwaoni hawa. Wewe unawaona. Kila mmoja na afanye kazi yake."

Mimi nami, kwa kuwa sijui kati na kati, wiki iliyofuata nikakiacha kitabu nyumbani. Tukafundishana majina ya samaki, tukaimba, tukataja sehemu za mtumbwi. Watoto walifurahi sana. Ulipokuja mtihani wa mwezi hapakuwa na aliyeweza kuunganisha sentensi mbili, maana nilirukaruka kama panzi, la jana halikuwa limejengwa juu ya la juzi. Mwalimu Buya akaniita ofisini. "Nilikwambia ukifunge," akasema. "Sikukwambia ukitupe."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitabu cha kiada ni kitu gani kwa watu kama sisi. Kinajua kinachotangulia na kinachofuata. Siku ambayo kichwa chako kimechoka, au umeamka na malaria, kitabu kinakumbuka mlipofika. Na pale unaposhuku Kiingereza chako mwenyewe, kinakushika mkono. Msione aibu kukitegemea. Mimi nilikitegemea mpaka siku niliyostaafu.

Ila kina ujinga wake. Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa na mazungumzo ya watoto wawili wanaokwenda kutazama kiboko. Mmoja anamwona, anasema ni mnyama wa kupendeza kweli. Ilitakiwa watoto wayaseme wawili wawili. Watoto wakatazamana. Nikadhani nimefundisha vibaya. Mwishowe mtoto mmoja wa huku mashambani akasimama. "Madamu, kiboko alikula mpunga wetu wote juzi. Mimi siwezi kumsifu." Nikawaambia basi wamwambie kiboko wanachotaka. Loo! Sijawahi kusikia Kiingereza kingi namna ile kwa kipindi kimoja. Walimtukana mpaka kengele ikalia, na mimi nikawa mlangoni, nachungulia mwalimu mkuu asije. Hiyo ni siri moja ya kazi: sentensi za kitabu zishike, mambo ya ndani yabadilishe yawe ya kwenu.

Sasa nije kwa Sadia, maana bila yeye hakuna kisa.

Tulikuwa na vitabu vinane kwa watoto arobaini na wawili, kwa hiyo watano au sita walizunguka kitabu kimoja mezani. Sadia, binti wa Mzee Wario, mfugaji wa Kiorma, alikuwa mdogo wa mwili na mpole, akasukumwa upande wa pili wa meza. Miezi ikapita. Siku moja nikamwita mbele asome peke yake. Akakipokea kitabu, akakigeuza juu chini, akasoma bila kukwama. Nikadhani ni mzaha. Nikakigeuza sawasawa, akakwama. Mtoto alikuwa amejifunza kusoma kwa upande aliokalishwa. Darasa lilicheka, nami nikacheka, kisha nikatoka nje kidogo nikalia nyuma ya tangi la maji. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu niliwazungusha viti. Nanyi wazungusheni, hata kama vitabu vinatosha.

Shida kubwa ilikuwa mvua. Mnaijua desturi. Kiangazi ng'ombe wa Waorma wako huku karibu na mto, na watoto wako shule. Mvua zikinyesha tu, mifugo inakwenda bara kwenye nyasi mpya, na watoto wanafuata. Darasa langu lilikuwa na kumi na wanane wa namna hiyo. Waliondoka wakijua Kiingereza kidogo, wakarudi baada ya wiki nyingi hawajui hata hicho kidogo. Nilikuwa naanza nao upya kila mara, na nilijua wakifika darasa la nane wataanguka mtihani, na wakianguka baba zao watasema shule haina maana. Jambo hilo lilinikosesha raha. Niliwaza hivi: mtoto hawezi kubaki na kitabu, basi kitabu kimfuate mtoto. Lakini vitabu ni vinane. Nikitoa vyote, wanaobaki watasoma nini?

Ndipo nikanunua wembe.

Nilikuwa namjua Mzee Wario vizuri. Alikuwa amenieleza jinsi wafugaji wanavyonywesha kule bara kwenye kisima kikubwa: kila ukoo una siku yake, kwa zamu, na zamu haivunjwi. Nikafurahi kama aliyeokota dhahabu. Nikachukua vitabu vitatu, nikavikata kila kimoja sehemu sita kwenye mshono. Mkasi haufai, unakula maandishi. Nikavishona upya kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, nikavifunika kwa plastiki ya mifuko ya mbolea. Vikawa vijitabu kumi na vinane, kila mtoto na kimoja: mwenye sokoni, mwenye hospitali, mwenye kuandika barua, mwenye safari. Nikaandika orodha. Anayenywesha siku ya kwanza atampa wa siku ya pili, wa pili atampa wa tatu, na kadhalika. Watakaporudi, kila mmoja atakuwa amezisoma sehemu zote sita.

Mwalimu Buya alivitazama vile vijitabu muda mrefu. "Fanya," akasema. "Lakini mimi sijaona kitu." Kisha akaufunga mlango wa ofisi yake. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Watoto wakaondoka. Mvua ikanyesha, tena mvua kwelikweli. Wiki ya tano nikasikia kwamba mkaguzi wa elimu anakuja kukagua vitabu, shule kwa shule. Nikaenda soko la mifugo pale Garsen kumtafuta Mzee Wario, nikamkuta ananunua sukari.

"Mzee Wario, watoto wanabadilishana vile vitabu?"

"Nabadilishana wapi, Madamu?"

"Si kule kisimani!"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. "Madamu, mvua iko mingi. Maji iko kila mahali, bwawa iko, shimo iko. Nani naenda kisima? Kisima sisi naonana mwaka mbaya. Mwaka mzuri kila mtu na ng'ombe yake, huyu huku, yule kule. Alhamdulillahi."

Mimi ni mtoto wa mto. Kwetu watu hukutana majini siku zote, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Tunateka pale pale, tunafua pale pale. Haikunijia akilini kwamba kuna watu ambao baraka ikishuka hutawanyika. Kuuliza si ujinga, na mimi niliuliza nusu. Nilijua zamu ya kisima, sikuuliza ni lini kisima hakiendewi. Vitabu vyangu vilikuwa vimetapakaa nyikani, sehemu moja moja, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu wakati ule. Nilianza kuomba mvua ikatike. Mimi, ambaye kaka zangu walikuwa na mpunga shambani unaongoja maji, nilipiga magoti nikaomba jua, kwa ajili ya vitabu vitatu na kazi yangu. Kisha nikaogopa nilichoomba, nikapiga magoti tena kukifuta.

Mkaguzi akafika kabla mvua haijakatika. Katika wale kumi na wanane, wanne tu walikuwa wamerudi, Sadia akiwa mmoja wao. Mkaguzi alikuwa mtu mtaratibu, wa miwani, hana ukali wa kelele. Akaagiza watoto wafungue mada ya safari. Wale wengine wakakusanyika kwenye vitabu vitano vilivyobaki. Sadia akaweka mezani kile kijitabu chake chembamba chenye plastiki ya mbolea, akatulia. Mkaguzi akamwuliza kwa Kiingereza kitabu chake kiko wapi. Nilitaka kujibu mimi. Sikuwahi.

Sadia akasimama. Akasema, kwa Kiingereza, polepole, huku akimtazama usoni: "Bwana, safari iko kwa Barisa. Barisa yuko ng'ambo ya bwawa na ng'ombe wa baba yake. Njia ina tope. Jua likiwaka siku nne, atakuja. Mimi nina sehemu ya barua. Ukitaka, nitakusomea hiyo."

Jamani! Sikumfundisha maneno hayo, na kitabu hakikuwa nayo mahali popote. Miaka yote niliyofundisha, nilikuwa sijamsikia mtoto akitumia Kiingereza kumwambia mtu jambo ambalo mtu huyo halijui. Tulikuwa tunaulizana "hii ni nini" huku sote tunaona ni kalamu. Nilitaka kumkumbatia. Na papo hapo nilijua nimekwisha.

"Nani aliyekikata?" mkaguzi akauliza.

"Madamu wetu," akasema Sadia kwa furaha. "Kwa wembe. Alikata vizuri sana."

Mkaguzi aliinama akaandika, na nadhani alikuwa anaficha mdomo wake. Lakini sheria ni sheria. Nikapewa barua ya onyo, na baada yake barua ya uhamisho kwenda Nanighi, mbali juu ya mto, mbali na mume na watoto. Mwalimu Buya aliambiwa maneno ofisini ambayo hakuwahi kunisimulia. Alinisindikiza mpaka stendi, akanibebea begi, hakunilaumu hata kwa jicho. Hilo liliniuma kuliko barua zote mbili.

Jua likatoka, kama Sadia alivyosema. Watoto wakarudi, na Mwalimu Buya akavishona vitabu mwenyewe. Alinipigia simu kunieleza. Vijitabu kumi na saba vilirudi. Kile cha Barisa, cha safari, hakikurudi. Barisa alikuwa amempa binamu yake bwawani, na binamu akahama.

Najua mnataka kuuliza kama nawashauri mkate vitabu. Siwashauri. Leo vitabu mnavyo tele, hamhitaji wembe. Nawashauri mviogope vitabu vilivyo safi. Kitabu cha Kiingereza kilichokaa miaka mitatu bila alama ya kidole, bila tone la uji, kimemfundisha nani? Rehema, mwanangu, najua barua ya onyo ilivyo. Niliiweka chini ya godoro mwaka mzima, nikawa nalala juu yake. Siwezi kukwambia usiogope. Nakwambia fungua stoo huku unaogopa. Na kama maneno yangu hayatoshi, sikiliza hili la mwisho, ambalo kwenye sherehe yangu ya kustaafu sikulisema.

Nanighi walinipokea vizuri, ila kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwalimu mkuu wa huko alikuwa amesikia habari zangu. Siku ya pili akanikabidhi funguo za stoo mbele ya walimu wote, akicheka: "Tunamkabidhi fisi bucha." Tukacheka sote. Nikaapa moyoni kwamba kutoka stoo ile haitapotea hata karatasi moja. Na haikupotea. Nilihesabu asubuhi, nikahesabu jioni. Nilisifiwa.

Baada ya karibu mwaka mzima, asubuhi moja mtu akaja shuleni anaulizia "madamu ya wembe". Walimu walikufa kwa kicheko. Nikatoka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfugaji, viatu vyake vya matairi vimejaa vumbi. Sikuwa nimepata kumwona. Akanisalimia, akatoa kwenye kikoi chake kifurushi cha plastiki ya mbolea.

Nikaitambua mishono yangu.

Kilikuwa cha safari, chote, hakikupungua ukurasa. Lakini kilikuwa kimejaa. Pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na miandiko, tena mingi tofauti. Mazoezi yote yalijibiwa, mengine mara tatu, kwa kalamu, kwa penseli, pengine kwa mkaa. Palipoulizwa unasafiri kwa nini, Barisa alikuwa ameandika kwamba anasafiri kwa sababu nyasi zinasafiri. Chini yake mtu mwingine alikuwa amemsahihisha herufi. Kijitabu kilikuwa kimetoka kambi hadi kambi, mvua na kiangazi, bila orodha yangu.

"Ni nani walioandika?" nikamuuliza.

"Watoto," akasema. Kisha akatazama chini. "Na mimi pia. Kidogo kidogo."

Akanigeuzia jalada la nyuma. Hapo, kwa herufi kubwa za mtu mzima aliyejifunza juzi, palikuwa na sentensi mbili za Kiingereza. Ziliandikwa kwa bidii mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. *Madamu, hiki tumekimaliza. Tupe kinachofuata.*

Nikamletea chai. Akainywa akiwa amesimama, maana ng'ombe wao walikuwa wanavushwa mto na ilibidi wasogee kabla ya adhuhuri. Mimi nikaanza kuongea sana, kama nifanyavyo nikiwa na hofu. Nikamwambia vitabu ni vya serikali. Nikamwambia lazima nimwulize mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu amekwenda mkutanoni Hola. Nikamwambia arudi kesho, nitaona la kufanya.

"Kesho sisi si hapa, Madamu," akasema kwa upole.

"Basi safari nyingine."

"Inshallah."

Akaniachia kijitabu, maana kilikuwa changu, na amana hurudishwa. Akanishukuru kwa chai, akashika njia ya mtoni. Nilimtazama mpaka vichaka vya mathenge vikamficha. Ndipo nikagundua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni muda wote ule. Nikautoa. Ulikuwa na funguo za stoo, na zilikuwa za moto kwa jinsi nilivyozibana.